Waifai ya nyumba Mtwara: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kabla hujafungua pochi, gonga ukuta. Nyumba za tofali za saruji pale Chuno au Shangani hupitisha mawimbi, ingawa kwa taabu. Majumba ya zamani ya Mikindani, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, huyameza.

Kwa nyumba ya kawaida, namba moja ni rauta ya 4G inayotumia laini ya simu. Itafute yenye masafa mawili: 2.4 GHz hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, 5 GHz ina kasi lakini huchoka mapema. Isiwe imefungwa kwa mtandao mmoja, maana siku bando la kampuni nyingine likiwa na nafuu utaitamani. Igeuze nyuma: iwe na matundu ya waya na, ikiwezekana, ya antena ya nje. Iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Nyuma ya friji, hapana.

Ya pili ni akses pointi, yaani vifaa vya kurushia waifai vyumbani, zinazolishwa kwa waya kutoka kwenye rauta. Kwa gesti ya Mikindani hii naipandisha iwe ya kwanza bila kusita, kwa sababu waya hauulizi unene wa ukuta. Kebo ya mtandao ya aina ya Cat 5e hubeba hadi mita 100. Kwenye 2.4 GHz zigawie chaneli 1, 6 na 11 ili zisipigiane kelele.

Meshi, yaani vifaa kadhaa vinavyoshirikiana kueneza waifai moja nyumba nzima, ni ya tatu: nzuri ila ghali, na vifaa vyake vikizungumza bila waya, tumbawe litavisumbua vilevile. Mifi, ile rauta ndogo ya mfukoni yenye betri, ni ya nne, inamfaa anayezunguka Newala na Tandahimba msimu wa korosho.

Ripita ya kuchomeka ukutani ni ya mwisho. Nilinunua moja, nikaichomeka chumba kisicho na mawimbi kabisa. Nayo ikarudia ilichokisikia: kimya! Mahali pake ni katikati ya rauta na chumba hicho, na hata hapo nyingi hupunguza kasi karibu nusu, kwa kuwa hupokea na kurusha kwa chaneli ileile.

Bakiza pesa ya yuupiesi ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, kwa siku umeme ukikatika. Soma kwanza adapta yako: ya volti 9 usiipe 12. Kisha weka pasiwedi kwa ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila kuandika pasiwedi.