Nililipia peleti nikapewa vumbi, kisha nikaambiwa kuku hana meno

Mfuko mbovu ningeusamehe. Jibu nililopewa nilipoulalamikia ndilo silisamehi, na ndilo linaloniandikisha haya yote.

Nafuga mitetea wachache wa mayai nyuma ya nyumba, na kwa muda mrefu nimewalisha unga. Kero ya unga kila mfugaji anaijua: kuku anachagua. Anadonoa vipande vya mahindi, anaparura, anarusha vingine nje, na chini ya chombo kinabaki kivumbi ambacho hakuna anayekitaka. Humo ndimo vilimo vitamini, madini na methionini (kijenzi cha protini), yaani vile vilivyofanya chakula kiwe ghali. Wababe wa banda wanashiba wanga, wanyonge wanalamba vumbi. Peleti, yaani chakula hichohicho kilichoshindiliwa kuwa punje ngumu, inamaliza uteuzi huo. Kila kitu kimesagwa, kikapigwa mvuke, kikashindiliwa kwenye matundu ya chuma. Donoo moja lina vyote. Hata joto lenyewe linapunguza bakteria kama Salmonella. Na kikimwagika, wanakiokota.

Mfuko wa kwanza ulinifurahisha kupita kiasi. Chombo kilikuwa kinabaki kitupu, vumbi bandani likapungua, na mtetea wangu mdogo anayefukuzwa na wenzake akawa anakula kilekile wanachokula wakubwa. Nilimsifia muuzaji kwa kila jirani anayefuga. Leo naona haya kwa niaba yake.

Maana mfuko uliofuata, wiki chache baadaye, ulikuwa na peleti juu tu. Nilipochota mara chache nikafika kwenye unga. Na si unga wa kawaida! Chakula cha peleti husagwa laini kabla ya kushindiliwa, kwa hiyo kikivunjika hakikupi ule unga wenye vipande ambao firigisi inapata cha kusaga. Kinakupa poda. Inaganda mdomoni mwa kuku, akienda kunywa inaishia majini, na maji yanageuka tope. Nilikuwa nasafisha chombo cha maji kutwa nzima.

Nikaubeba mfuko hadi dukani. Nikamwonyesha kijana wa kaunta, kwa upole kabisa. Hakuinama hata kuangalia.

"Mama, kuku ana meno? Si vyote vinaishia tumboni?"

Nikamwambia nimelipa bei ya peleti, na peleti ni ghali kuliko unga. Nikaomba anifungulie mfuko mwingine nione. Akasema mfuko ukifunguliwa umenunuliwa. Nikauliza, basi mteja atajuaje anachonunua? Akawageukia wateja wengine: "Huyu mama anataka kuku wake wapikiwe pilau." Watu wakacheka. Mimi mtu mzima, nimebeba mfuko begani, nachekwa kwa kudai nilichokilipia.

Ningeondoka hapo. Lakini akaongeza: "Kama unga hutaki, chukua hizi chenga, kuku wanazipenda." Nikasoma lebo. Chenga za vifaranga! Umbo ni zuri, sikatai. Chenga ni peleti zilizovunjwa makusudi kwa rola ili zienee mdomo mdogo. Ila chakula cha vifaranga kina kalsiamu ya takriban asilimia 1, na mtetea anayetaga anahitaji kama asilimia 3.5 hadi 4. Ningeanza kuokota mayai yenye ganda laini. Na kabla sijafunga mdomo nikamsikia akimshauri mteja mwingine, mwenye vifaranga, achukue peleti za kutagia aziponde nyumbani, eti ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Kalsiamu ile inaharibu figo za kifaranga. Nilimwambia yule mteja palepale, mbele ya muuzaji, na sijali aliyenuna. Kunikejeli mimi ni jambo moja. Kumpa mtu ushauri utakaomuulia vifaranga, kwa sababu tu unaona umbo na aina ya chakula ni upuuzi wa akina mama, hilo ni la kukufungia duka.

Sasa, je, nawaambia msinunue peleti? Nilipoanza kuandika nilikuwa tayari kusema hivyo. Sisemi. Peleti nzima ni chakula kizuri, na mfuko wa kwanza sijausahau. Ila kuna hili pia: kuku wa peleti anamaliza kula upesi, na akiwa amefungiwa hana la kufanya anaanza kudonoa manyoya ya mwenzake. Niliona mkia mmoja ukianza kunyonyoka. Unga unamchukua muda mrefu zaidi, na muda huo ni amani bandani. Kama kuku wako wanatoka kuparura nje, chukua peleti. Kama wanashinda ndani, unga uliosagwa kwa unene, si poda, bado naupa heshima yake, uteuzi wao wote huo ukiwemo.

Mnaonunua peleti, bonyezeni pembe za chini za mfuko kwa vidole kabla ya kulipa. Zikiwa ngumu na zenye punje mtazihisi. Zikibonyea kama unga wa ngano, acheni mfuko hapo hapo. Muuzaji akikataa msiguse, ameshawajibu.

Poda iliyobaki sikuitupa. Naikoroga na maji kidogo, kiasi cha kumalizwa mara moja, kwa sababu ikikaa kwenye joto inachacha na kuota ukungu, na ukungu ni sumu kwa kuku. Wanaila vizuri. Hilo halinibadilishi chochote kuhusu duka lile: mfuko wangu ujao nitaununua kwingine, hata nikilazimika kuubeba kutoka mbali.