Floti mpya ya tenki kwenye Land Rover 109: uzoefu wangu, Mtwara

Kwa mwenye haraka: floti, kile kifaa cha ndani ya tenki kinachoiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani, inafanya kazi, bei yake inavumilika, na ikiharibika nitanunua nyingine ya aina hiyohiyo. Ila usiagize kabla hujapima gari lako, maana geji ya mafuta ikilala kwenye haya magari ya zamani, floti ni mshukiwa mmoja tu kati ya kadhaa.

Gari langu ni pikapu, Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ya lita 2.25. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hili langu ni la mwishoni mwa miaka ya sabini. Msimu wa korosho ukifika linabeba korosho. Usipokuwepo linabeba mihogo, saruji, mbuzi, chochote chenye nauli, kati ya Mtwara mjini, Nanyamba na Tandahimba. Linakunywa haswa. Likiwa na mzigo, lita moja ni kilomita sita hivi, na tenki la chini ya kiti ni la lita 45. Kwenda Newala na kurudi tu tenki limeshakauka. Sasa endesha gari la namna hiyo bila geji uone. Ukiishiwa katikati ya mikorosho utauziwa petroli ya chupa kwa bei atakayojisikia mwenye chupa, na imechanganywa na nini usiulize.

Dalili zilikuwa hivi: mshale umelala kwenye E hata natoka sheli na tenki limejaa. Nikipiga shimo kubwa unasimama kidogo, kisha unalala tena. Mafundi hawakukosa maneno. Mmoja alisema geji ya dashibodi imekufa, tafuta nzima nyingine. Mwingine, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniambia, "Bwana, Land Rover haina geji. Weka dumu nyuma, maisha yaendelee." Nilicheka, na dumu niliweka kweli, lakini dumu la petroli nyuma ya kichwa changu kwenye barabara ya vumbi na jua hili la kusini si kitu cha kukizoea.

Aliyelimaliza jambo ni kijana fundi umeme wa Magomeni, hapahapa Mtwara. Kilichonivutia ni kwamba hakushika spana kwanza. Aliwasha gari, akasubiri injini ipate moto, akaangalia mshale wa joto. Kwenye Series III geji ya mafuta na ya joto zimekaa pamoja kwenye duara moja, kando ya spidomita, na zote mbili zinapata umeme kupitia kidude kimoja nyuma ya dashibodi kinachoitwa stebilaiza, ambacho kinashusha umeme wa betri hadi kama volti 10. Zikikosea zote mbili kwa pamoja, hapo ndipo pa kwenda. Stebilaiza ikikosa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari, kwa mfano, inapitisha volti zote za betri na mishale yote miwili inadanganya kwenda juu. Ya joto kwangu ilikuwa inasoma vizuri tu, kwa hiyo stebilaiza ikaachwa ipumzike.

Kisha akatoa mto wa kiti cha dereva. Chini yake kuna bati lililofungwa kwa skrubu, na ukilitoa unakutana na mgongo wa tenki, floti ikiwa palepale na waya wake wa kijani wenye mstari mweusi. Hapa nawapa Waingereza heshima yao. Gari nyingine mpaka ushushe tenki zima uvunguni, hili unakaa tu kwenye kizingiti cha mlango unafanya kazi.

Akazima swichi, akauchomoa ule waya wa kijani, akauungia kipande kirefu na kukifunga kwenye chasisi, mbali na tenki, ili cheche ikitokea isikutane na mvuke wa petroli. Ndipo akaniambia niwashe swichi bila kuwasha injini. Mshale ukaanza kupanda polepole. Geji za aina hii ni vivu kwa asili, ndani mna utepe wa metali mbili unaopinda kwa joto la umeme, kwa hiyo mpe sekunde zake usikate tamaa. Ulipofika F akasema nizime, kwa sababu si vizuri kuuacha pale muda mrefu. Basi geji nzima, na waya kutoka geji hadi tenki mzima. Yule aliyetaka ninunue geji nyingine angenilia hela bure.

Kikabaki kipande cha mwisho, floti na ethi yake. Akarudisha waya wa kijani mahali pake, akachukua waya mwingine akaunganisha mwili wa floti na chasisi moja kwa moja. Mshale ukapanda hadi robo, ukagoma hapo. Tenki lilikuwa limezidi nusu.

Kumbe matatizo yalikuwa mawili yamepandana. La kwanza ethi. Bodi ya Land Rover ni alumini, chasisi ni chuma, na sisi wa pwani tunavuta hewa ya chumvi usiku na mchana. Metali mbili tofauti zikigusana penye chumvi na unyevu, lazima zilane. Boliti za tenki zilikuwa zimeota unga mweupe, na umeme wa floti ulikuwa haupati njia ya kurudi. Ndiyo maana nikipiga shimo mshale ulikuwa unaamka. Tiba yake ilikuwa msasa, waya mpya mweusi kutoka kwenye floti hadi chuma kisafi cha chasisi, na grisi juu yake. Hilo peke yake halikunigharimu hata hela ya chakula cha mchana.

La pili lilikuwa floti yenyewe. Betri ikachomolewa kwanza, gari likiwa nje chini ya mwembe, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuja kushangaa na sigara mkononi akafukuzwa bila salamu. Floti ilipotoka, fundi alinipa ile puto ya shaba akaniambia nitikise karibu na sikio. Petroli ilikuwa inacheza ndani, chwa, chwa. Ilikuwa imetoboka, imekunywa, imezama. Unaweza kuikausha na kuichomelea kwa risasi, lakini hata ule waya mwembamba wa ndani, ambao kijimguu cha floti hutembea juu yake, ulikuwa umelika. Hapo ndipo nikakubali kununua.

Niliagiza kwenye duka moja la spea Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Kwanza walinitumia siyo: ile ya tenki la nyuma la stesheni wagoni, Land Rover ya abiria, mkono mrefu kama wa kuvulia samaki. Waliibadilisha bila ubishi, ila nauli ya mzigo ya kurudisha na ya kuleta tena nililipa mimi, na hilo halijanitoka moyoni. Yenyewe ilikuwa ghali kidogo kuliko debe la petroli.

Sasa bidhaa. Si ya kiwanda cha zamani, ni ya kuigiza, na haifichi. Puto ni ya plastiki, kwa hiyo kutoboka na kuzama kama ile ya shaba si rahisi. Fundi aliipima kwa multimita kabla ya kuifunga, akiinua mkono wake taratibu na mimi nikisoma namba: ukinzani wa umeme karibu omu 240 mkono ukiwa chini kabisa, zikishuka hadi 20 hivi ukiwa juu, bila kurukaruka njiani. Ndizo geji ya gari hili inazozitaka. Kwa hapo sina neno.

Penye neno ni kwingine. Skrubu zilizokuja nayo ni laini, ya kwanza tu ikachubuka kichwa, tukarudisha zile za zamani. Gasketi yake, ya koki ile ya vizibo vya chupa, ni nyembamba mno. Nilipojaza tenki mara ya kwanza, kabini yote ilinuka petroli, na kwa kuwa tenki lenyewe unalikalia, hilo si la kusubiri kesho. Tulikata nyingine nene kwenye shiti ya mpira unaostahimili petroli. Msipake silikoni ya kawaida ya madirishani. Petroli inaivimbisha halafu inaachia.

Kubwa zaidi ni mkono wake. Ulivyopindwa kiwandani, puto haifiki chini ya tenki, kwa hiyo mshale unagusa E wakati bado una mafuta mengi. Tulilikausha tenki, tukabandika utepe wa karatasi chini ya kioo cha geji, tukawa tunamimina lita tano tano na kuweka alama ya kalamu. Lita kumi za kwanza mshale haukutikisika. Fundi akaitoa tena, akaupinda mkono kwa plaizi, kidogo tu, akarudisha. Siku hizi ukilala kwenye E nina kama lita tano. Nusu ya geji ni nusu kweli. Karibu na F bado inajisifu, inakaa imejaa muda mrefu kisha inashuka haraka, lakini mwanzo wa tenki hauniumizi kichwa. Kupanda kuelekea uwanda wa juu wa Makonde na mzigo mshale unalegea kidogo, ukifika tambarare unarudi. Utepe wenye alama sijaubandua.

Nyota nne kati ya tano; moja nimeikata kwa ajili ya gasketi na skrubu. Duka lingepata mbili.

Ukiagiza, mwambie muuzaji yote kwa pumzi moja: Series III, 109, petroli, tenki la chini ya kiti. Kama gari lako ni la dizeli lenye taa ya mafuta kuisha, sema na hilo, kwa sababu floti yake ina sehemu ya waya wa ziada. Dai picha ya floti yenyewe, mkono ukionekana wote, kabla hujatuma hela. Na akikujibu kwamba "zote ni moja tu, bosi," tafuta duka lingine.