Kununua balbu za H4 Malindi: kwanza tazama kofia ya mpira

Madereva wa Malindi wanaopeleka watalii Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala wana lalamiko moja: wamenunua balbu mpya za H4 (zile za taa kubwa za mbele, zenye dimu na fulu ndani ya balbu moja), za bei, na msimu mmoja wa kusi ukipita taa imefifia kuliko ilipokuwa na balbu kuukuu. Lawama zote huenda kwa balbu, na mara nyingi balbu ni nzima. Kilichoharibika ni sahani ya rangi ya fedha iliyo ndani ya taa, ile inayosukuma mwanga mbele. Imeharibiwa na hewa ya chumvi iliyopenya nyuma, mahali palipotakiwa kuzibwa na kofia ya mpira.

Kofia hiyo ni ule mpira mweusi mgongoni mwa taa. Tundu lake la katikati hubana shingo ya balbu huku pini tatu zikibaki nje, na ukingo wake hukaza mdomo wa taa. Muuzaji hatakuuliza habari zake. Lakini kwa Land Cruiser, Defender au Jimny inayolala karibu na bahari, au inayopita kila siku kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, hicho ndicho kipimo cha kwanza: balbu isiyoruhusu kofia irudi mahali pake haifai, hata ing'ae vipi. Ile sahani imepakwa utando mwembamba mno wa alumini. Unyevu wa chumvi ukiingia, madoa ya kijivu hutokea upande wa chini, kisha utando hubambuka. Ukiufuta kwa kitambaa unautoa wote, na hapo utanunua taa nzima.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Philips Vision ya wati 60/55 (60 za fulu, 55 za dimu), na upendeleo huo siufichi. Shingo yake ni ya chuma, nyembamba, kofia inapita bila kulazimishwa. Umeme inaokula ni uleule ambao waya za kiwandani zilipimiwa, na haikupunguziwa sana umri ili ing'ae. Ya pili ni Osram ya kawaida ya wati hizohizo. Gari likiwa halitoki sana usiku, inatosha kabisa. Balbu za kung'aa zaidi, kama Night Breaker, naziweka nafasi ya tatu. Mwanga wake ni mzuri kweli, lakini umepatikana kwa kuuchosha uzi wa ndani, na njia ya vumbi yenye makunyanzi hutikisa uzi huo muda wote. Ukizitaka, beba jozi ya akiba.

Za wati 100/90 ni za mwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa badala ya swichi ya gari. Balbu ya wati 60 huvuta takriban ampea 5. Ya wati 100 hupita 8. Mbili zikiwaka fulu kupitia swichi ya zamani, soketi huwa laini, hugeuka kahawia, kisha huyeyuka. Weka rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, waya nene kutoka betri, na fyuzi karibu na betri.

LED za kuchomeka naziweka mwisho. Feni na bomba la joto nyuma yake huziba njia ya kofia, na fundi akaona aikate, au aitupe na kujaza silikoni hadi kwenye tundu la kupumulia la taa. Halojeni, yaani balbu za uzi kama hizo za juu, huipasha taa moto na kukausha ukungu. LED haileti joto hilo mbele, kwa hiyo maji yaliyoingia hukaa. Feni nayo hunyonya mchanga. Za bei ya chini kabisa zisizo na alama ya E ndani ya duara, ile ya idhini ya kimataifa ya taa za magari, ziache.

Jambo linaloudhi ni namna balbu zinavyouzwa. Boksi limefunguliwa, balbu imeshikwa kwenye kioo na vidole vitatu tofauti, imejaribiwa kwa betri juu ya kaunta, na ukiirudisha unaambiwa vitu vya umeme havirudishwi. Mafuta ya kidole kwenye kioo huzua doa la joto, na kioo hudhoofika mahali hapo. Daini boksi lililofungwa. Ikishaguswa, ifute kwa spiriti kabla ya kuiwasha. Angalia pia volti: baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani ni za volti 24, na balbu ya 12 humo huungua mara moja.

Kabla ya kutoa pesa, washa injini na taa, pima volti kwenye betri na kwenye soketi. Tofauti ikizidi nusu volti, kwangua kutu kwenye waya wa athi na pini kwanza. Volti 12 mahali pa 13.2 hula zaidi ya robo ya mwanga, na balbu mpya haitaurudisha.

Kubadilisha ni dakika chache. Zima, subiri ipoe, chomoa soketi, vuta kofia kwa masikio yake, bonyeza kibano cha waya ukitelezeshe pembeni. Balbu ina masikio matatu, na lililo pana hukaa juu. Balbu ikicheza, haijaingia. Rudisha kofia, neno TOP likielekea juu, kisha zungusha kidole ukingoni mwote: pasiwe na mkunjo uliojikunja ndani. Mpira uliopasuka ununuliwe mpya pamoja na balbu. Badilisha pande zote mbili.

Mwisho, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, kwenye sakafu sawa, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mstari wa dimu ukae sentimita 10 chini ya kimo cha taa, na upandie kushoto. Ukipandia kulia, kioo hicho kilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia, na hakuna balbu itakayoacha kuwachoma macho wanaokuja mbele yako.