TAHADHARI: Anayeuza gari la kifahari la paa la kukunja kwa takwimu za mafuta alizozigeuza

Ndugu zangu, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na tangazo la Rolls-Royce Dawn, lile gari la paa la kukunja lenye injini ya silinda 12. Picha zinavutia, maelezo yamepangwa vizuri, na mstari wa kwanza kabisa unasema lita moja inakwenda kilomita 14. Rafiki yangu ameshamtumia arbuni na sasa simu zake hazipokelewi. Jina silitaji, kwa sababu akibanwa hubadilisha jina na akaunti. Tangazo hilohilo, kwa maneno yaleyale, nimelikuta limebandikwa chini ya picha za gari jingine. Kinachoweza kuwasaidia ni kujua mbinu yake.

Hiyo 14 hakuibuni. Ameiokota mahali pa kweli, kisha akaigeuza. Takwimu rasmi ya Dawn barani Ulaya ilikuwa lita 14.2 kwa kila kilomita 100. Gawanya mwenyewe: lita moja inakupeleka kilomita 7 tu. Marekani nako, shirika la kulinda mazingira, EPA, lilikadiria kuwa gari hilo huenda maili 14 kwa galoni, yaani karibu lita 16.8 kwa kilomita 100, na hapo lita moja haifiki hata kilomita 6. Kwa hiyo 14 utaikuta kwenye nyaraka zote mbili, na yeye anaijua vizuri. Mnunuzi akitia shaka, anatumiwa picha ya waraka halisi wenye 14 yake, anaridhika, analipa. Tofauti kati ya alichoahidiwa na hali halisi ni maradufu, na mtu anayepanga bajeti ya mafuta kwa ahadi hiyo ataumia hata kama gari lenyewe lingekuwepo.

Akikutana na mnunuzi anayehesabu kwa maili, anahamia kwenye galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Zile lita 14.2 kwa kilomita 100 zinakuwa maili 19.9 kwa galoni ya Uingereza, lakini ni kama 16.6 tu kwa galoni ya Marekani. Anachukua kubwa na kuiandika bila kusema ni galoni ipi. Tena takwimu hiyo ya Ulaya ni ya kipimo cha zamani cha NEDC, kilichofanyika maabara kwa mwendo wa upole kuliko barabara yoyote ninayoijua. Kuanzia Septemba 2017 Ulaya ilianza kutumia kipimo kipya, WLTP, kwa modeli mpya, na mwaka uliofuata kwa magari yote mapya, kwa sababu kile cha awali kilionekana wazi kuwa mbali na uhalisia.

Kuna njia nyepesi ya kumpima muuzaji wa aina hii. Nyaraka nyingi za usajili za Ulaya huandika kiasi cha hewa ya kaboni, CO2, kwa gramu kwa kilomita. Kwa gari la petroli, gawanya namba hiyo kwa 23 na utapata lita kwa kilomita 100, kwa kukadiria. Dawn iliandikwa gramu 330, na jibu ni lita 14 na kidogo. Gari linalokwenda kweli kilomita 14 kwa lita lingetoa gramu 165 hivi. Mwombe waraka wa usajili usomeke sehemu hiyo. Rafiki yangu alipouomba, alitumiwa picha iliyokatwa chini.

Ushahidi wake mkubwa, na hapa ndipo wengi wanapotekwa, ni picha ya dashibodi. Skrini inaonyesha wastani wa lita 7 kwa kilomita 100, kila kitu kinang'aa, nani abishe? Lakini wastani wa skrini unaweza kufutwa wakati wowote kwa kubonyeza kitufe, na ukishafutwa unaanza kuhesabu upya kuanzia hapo. Injini za kisasa zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta hukata mafuta kabisa pale unapoachia pedali gari likiwa kwenye gia na likiteremka. Afute wastani juu ya mlima, aachie pedali, apige picha chini: hata tani mbili na nusu za Dawn zitaonekana kama pikipiki. Baadhi ya magari yana pia menyu iliyofichwa ya kusahihisha kipimo cha matumizi, na fundi anayeijua anaweza kuifanya skrini iseme anachotaka.

Kipimo cha kuaminika ni cha pampu. Jaza tanki mpaka bomba likate lenyewe, rudisha kihesabu safari kwenye sifuri, endesha mjini na barabara kuu, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya lita ulizoongeza kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Muuzaji asiyekubali kipimo hiki kabla ya kupokea pesa, achana naye.

Pamoja na gari anauza kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya fundi kusomea hitilafu za gari, chini ya usukani, eti kinafundisha kompyuta ya gari kubana mafuta. Msipoteze pesa. EPA imetathmini zaidi ya vifaa 100 vinavyodai kupunguza mafuta na haikupata hata kimoja kinacholeta nafuu kubwa. Vingi vya kuchomeka vikifunguliwa, ndani huwa na vitaa vya kumetameta tu.

Gari la aina hii haliwezi kuwa la kubana mafuta. Paa likiondolewa, sakafu na ubavu lazima viimarishwe ili mwili usipinde, na uzito unaongezeka. Ongeza mota za kukunja paa na injini ya lita 6.6 yenye turbo mbili. Ukifungua paa barabara kuu, upepo unazunguka ndani na kulivuta gari nyuma, na ukinzani huo hukua kwa kasi zaidi ya mwendo wenyewe. Halafu jamaa anamwambia mteja kwamba petroli yoyote inafaa! Injini kama hiyo inataka petroli ya oktani ya juu, yaani isiyolipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Ukiipa ya chini, kompyuta huchelewesha cheche kuilinda injini isigonge, nguvu zinapungua na mafuta yanaliwa zaidi.

Kama umeshamtumia pesa, piga simu benki au kampuni iliyopitisha malipo leo hii na uombe muamala uzuiwe. Hifadhi tangazo, ujumbe wote na risiti, upeleke polisi. Rafiki yangu alipotishia kushtaki, alijibiwa kwa adabu kabisa kwamba arbuni itarudishwa akilipa kwanza "ada ya marejesho". Ada hiyo msiilipe.