Makufuli ya Excel: niliyoyaona baada ya kuyajaribu kwenye mafaili yangu

Kazi yangu ni kutengeneza mafaili ya Excel yenye fomula na makro (programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya faili) nyingi, na swali la kwanza la mteja huwa, "Umelifunga?" Nimeyatumia makufuli yote ya programu hii, na nimejaribu kuyafungua mwenyewe kwenye nakala.

Kufuli la shiti, yaani la ukurasa mmoja wa faili, ndilo linalopendwa zaidi na ndilo jepesi kuliko yote. Faili la xlsx, yaani faili la kawaida la Excel, ni zipu tu (kifurushi cha mafaili yaliyobanwa), ndani yake mna mafaili ya XML, maandishi ya kawaida yenye alama. Nilibadilisha .xlsx mwishoni mwa jina kuwa .zip, nikaingia folda ya xl, halafu worksheets, nikatoa sheet1.xml na kuifungua kwa Notepad. Humo kuna kipande kimoja kinachoanza na neno sheetProtection. Nikakifuta chote, nikalirudisha faili ndani ya zipu, nikarudisha jina la awali. Shiti ikafunguka, wala sikuulizwa nywila. Na ilikuwa nywila ndefu kwelikweli! Tangu toleo la 2013 Excel huichakata nywila hiyo kwa SHA-512 (hesabu ya kuigeuza nywila isirudishike) mara 100,000, lakini nani ahangaike na ufunguo ilhali mlango wenyewe unang'oka? Microsoft nao hawafichi: wanasema wazi kwamba kulinda shiti hakukukusudiwa kuwa usalama.

Shiti zilizofichwa ni vivyo hivyo. Hata ile iliyowekwa veryHidden, ambayo haionekani kwenye menyu, inasomeka kwenye XML ileile.

Upande wa makro nilitarajia ugumu zaidi. Kodi, yaani maandishi ya programu ya makro, hukaa kwenye faili la vbaProject.bin ndani ya zipu ileile. Nililifungua kwa kihariri cha heksadesimali (programu ya kuhariri baiti za faili moja moja), nikatafuta herufi DPB, mahali inapotunzwa nywila ya makro, nikageuza B kuwa x. Excel ililalamika kidogo wakati wa kufungua, nikakubali iendelee, nikaweka nywila mpya ya kwangu, nikahifadhi. Nilipofungua tena, kodi yote ilikuwa mbele yangu. Kwa hiyo nikiona mtu ameandika nywila ya hifadhidata ndani ya makro kwa sababu "imefungwa", nywele zinanisimama.

Kufuli la kweli ni moja, lile linaloomba nywila kabla faili halijafunguka. Hapo faili zima husimbwa (hugeuzwa lisisomeke bila nywila) kwa mbinu imara iitwayo AES na huwezi tena kulichungulia kama zipu. Ukisahau nywila, Microsoft hawana cha kukusaidia. (Mafaili ya zamani ya .xls ni habari nyingine: mengi yalitumia RC4, mbinu ya zamani ya kusimba, yenye ufunguo wa biti 40 tu, na hiyo siku hizi haimzuii mtu.) Nywila iwe ndefu tu, maana fupi hukisiwa kwa programu.

Tatizo ni kwamba kufuli hilo halimzuii mtu uliyempa ufunguo. Mteja lazima afungue faili ili alitumie, na akishafungua, fomula na makro zote anaweza kuzifikia kwa njia nilizozitaja. Ndiyo maana hesabu nisizotaka zionekane siziweki kabisa ndani ya faili: ama zinafanyika kwenye seva na faili linapokea jibu, ama nabandika thamani tupu bila fomula.

Kufuli la shiti bado nalitumia kila siku, kwa sababu linazuia mtu asifute fomula kwa bahati mbaya. Ila sasa nalifunga bila nywila, anayetaka kurekebisha ajifungulie mwenyewe bila kunipigia simu.