Kutoka 4.5 hadi 5.5: uzoefu wangu na seti ya kubadilisha kaliba ya bunduki ya hewa

Nianze na jibu, maana ndilo wengi mnalolitafuta: seti ya kubadilisha kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, inafanya kazi, na kwa matumizi yangu sijutii pesa niliyotoa. Ila anayeinunua akidhani ananunua mtutu peke yake atapata tabu. Mtutu ndio sehemu rahisi kuliko zote. Shughuli yenyewe iko kwenye vile vitu vidogo vinavyokuja ndani ya kimfuko cha nailoni.

Bunduki yangu ni ya mtungi wa kujazwa hewa, ya bolti (kile chuma unachokisukuma kwa mkono kuingiza risasi kwenye mtutu), yenye magazini ya kubebea risasi. Ilitoka kiwandani ikiwa 4.5 mm, ile ambayo wengine huiita .177 kwa kipimo cha inchi. Hiyo ndiyo kaliba ya mashindano ya Olimpiki ya mita 10, na kwa kutoboa karatasi haina mpinzani: peleti (risasi ndogo ya bunduki ya hewa) nyepesi, mwendo wa kasi, njia iliyonyooka. Haja yangu ilikuwa nyingine. Nilitaka bunduki ya kulinda nafaka ghalani dhidi ya panya, umbali mfupi, ambapo peleti pana na nzito humaliza mara moja bila kumtesa mnyama. Hapo 5.5 mm, yaani .22, iko mbele. Bunduki ya pili ni gharama kubwa, na darubini ya pili juu yake. Ndiyo maana nikachagua seti.

Ndani yake mlikuwa na mtutu, ncha mpya ya bolti, kile kibomba kifupi kinachopitisha hewa kutoka kwenye vali hadi kwenye mtutu, magazini, na pete za mpira za akiba. Kama muuzaji anakuletea mtutu mtupu bila hivyo vingine, mwache. Ncha ya bolti ndiyo inayosukuma peleti hadi ipite tundu la hewa. Ncha ya 4.5 ni nyembamba. Kwenye mtutu wa 5.5 haizibi vizuri kwa nyuma, na ikiwa haifiki mbali ya kutosha, sketi ya peleti, yaani sehemu yake pana ya nyuma, inabaki juu ya tundu. Matokeo yake risasi moja inatoka kali, inayofuata inatoka legelege, nawe unaanza kuilaumu darubini bure.

Kufunga kwenyewe hakuhitaji karakana kubwa. Nilitoa hewa yote, nikahakikisha hakuna peleti ndani, nikaondoa magazini, kisha nikatoa bunduki kwenye kitako chake cha mbao. Mtutu kwa bunduki za aina hii hushikwa na skrubu chache ndogo za alenki. Ukizilegeza unavuta mtutu kwa mbele, unasukuma ule mpya, unalinganisha tundu la hewa na kibomba chake, unakaza. Tumia alenki nzuri isiyolika. Skrubu hizo ni laini, na kichwa kikishakuwa duara utatafuta drili ya kuitobolea.

Kasoro niliyoikuta iko hapa, na ndiyo inayoipunguzia seti hii alama. Ukingo wa tundu la hewa kwenye mtutu mpya haukulainishwa kiwandani. Chuma kilikuwa na makali, na nilipousukuma mtutu ndani, makali yale yaliiparua pete ya mpira kama ganda la karoti. Nilipojaza hewa na kufyatua, nikasikia msonyo mdogo upande wa bolti. Nikafungua tena, nikalainisha ukingo kwa msasa wa namba ya juu uliozungushwa kwenye kijiti, nikafuta vumbi lote la chuma, nikapaka pete mpya grisi ya silikoni, ikaingia vizuri. Usipake mafuta ya petroli kwenye njia ya hewa ya shinikizo kubwa. Mvuke wake unaweza kuwaka ukibanwa. Kwa bei waliyoitaka, kazi ile ya msasa ilipaswa kuwa imefanywa kabla mtutu haujafungwa kwenye boksi.

Sasa tuje kwenye nguvu, jambo ambalo matangazo hayaligusi. Hewa inasukuma sehemu ya nyuma ya peleti. Duara la 5.5 mm lina eneo kubwa kuliko la 4.5 kwa karibu nusu nzima, kwa hiyo shinikizo lile lile linatoa msukumo mkubwa zaidi. Kabla ya kubadilisha, kronografu yangu, kifaa cha kupima kasi ya peleti, ilikuwa inasoma mita 240 kwa sekunde kwa peleti ya gramu 0.547. Chukua uzito kwa kilo, zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi, gawa kwa 2: unapata nishati ya jouli kama 15.8. Baada ya kubadilisha, bila kugusa kitu kingine chochote, peleti ya gramu 1.03 ilitoka kwa mita 190. Fanya hesabu ile ile. Ni jouli 18.6!

Kwa mtu asiyekuwa na kikomo hiyo ni zawadi. Lakini nchi kadhaa hupima bunduki za hewa kwa nishati, si kwa kaliba. Uingereza kikomo cha bunduki ndefu isiyohitaji cheti cha silaha za moto ni futi-pauni 12, ambazo ni kama jouli 16.3, Ujerumani zile zinazouzwa huru kwa watu wazima huishia jouli 7.5. Mtu anaweza kubadilisha mtutu jioni, akaamka na silaha ya daraja jingine kisheria bila kujua. Kwa hiyo kronografu naihesabu kuwa sehemu ya seti, hata kama haimo kwenye boksi. Na kama kibali chako kimeandikwa kaliba, mamlaka iliyokitoa iulizwe kabla hujaagiza chochote. Mimi nilipunguza mkazo wa springi ya nyundo, ile inayogonga vali ili itoe hewa, kidogo kidogo, nikipima kila hatua, hadi kasi ikatulia kwenye mita 175 hivi, nikarudi kwenye jouli 15.8 zangu. Faida iliyokuja na hilo naipenda sana: kwa nishati ile ile, kaliba kubwa hutumia hewa pungufu, kwa hiyo mtungi mmoja unanipa risasi nyingi kuliko zamani.

Usahihi? Mwanzoni ulinikatisha tamaa. Mtutu mpya ulikuwa na mafuta ya kiwandani, na matundu kwenye karatasi yalisambaa. Niliusafisha kwa vitambaa vikavu hadi vikatoka vyeupe, nikapiga peleti za kutosha michirizi ya ndani ya mtutu ipate kupakwa madini ya risasi kidogo, na kundi likaanza kukaza. Kisha ikaja zamu ya kuchagua peleti. Za 5.5 huuzwa zikiwa na vichwa vya 5.50, 5.51 na 5.52 mm, na tofauti hiyo ndogo inaonekana wazi kwenye shabaha. Mtutu wangu unapenda 5.52, wako utaamua wenyewe. Kwenye mita 25 matundu sasa yanagusana.

Umbali ukizidi hapo, utaona gharama ya uzito. Peleti inayotoka kwa mita 175 hushuka zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya mita 240, hivyo kukosea kukadiria umbali kunaadhibiwa vikali. Anayeshindana kwenye shabaha za umbali tofauti abaki na 4.5 yake. Wa mita 10 hata asifikirie.

Wenye bunduki za springi, zile za kukunja mtutu, habari yenu ni tofauti kabisa. Mtutu mara nyingi umeunganishwa na kipande cha bawaba, na kwenye nyingi kuufikia mfumo wa ndani kunataka kubana springi kwa kifaa maalumu. Springi hiyo ikiruka inavunja mkono. Mpelekeeni fundi.

Mtutu wa zamani nimeutunza: nimeupaka mafuta mepesi, nimeufunga kwa kitambaa pamoja na ncha yake ya bolti, kibomba chake na magazini yake, vyote kwenye boksi moja visichanganyike. Kurudi 4.5 kunawezekana wakati wowote, mradi ukumbuke kurekebisha springi ya nyundo, kupima kasi upya na kulenga darubini upya, kwa kuwa mitutu miwili haielekei mahali pamoja hata siku moja.