Dodoso la Nordic la maumivu ya misuli na viungo, toleo la Kiswahili: nyota 4 kati ya 5

Hili dodoso nimelitumia sana, kwanza la Kiingereza halafu tafsiri tuliyoihangaikia wenyewe, kwa hiyo naongea kitu nachokijua. Kwa wasiolifahamu, lilitoka 1987, kazi ya mtafiti Kuorinka na wenzake, linagawa mwili sehemu 9 kuanzia shingo mpaka nyayo, na kila sehemu unaulizwa mambo matatu tu: miezi 12 iliyopita umepata shida hapo? ilikuzuia kufanya kazi zako? na siku 7 zilizopita je? Ndiyo au hapana, basi. Mtu anamaliza chap bila kuchoka, hapo nalipa sifa zote.

Sasa njoo kwenye tafsiri. Ya kwanza tuliletewa na ofisi moja ya kutafsiri, Kiswahili kimenyooka kabisa, ila wameandika "mkono" na "mguu" wakati dodoso linataka kiganja na kifundo, na kwetu mkono unaanzia begani mpaka kwenye vidole! Mguu ndo usiseme, huyu anaumwa paja anaweka ndiyo, yule unyayo naye ndiyo, utawatofautishaje? Kiuno nacho, mmoja anagusa mgongo kwa chini mwingine anashika nyonga. Na tafsiri ya kurudisha kwenye Kiingereza haikukamata kitu, maana aliyerudisha aliona mpangilio akajua tu kinachotakiwa akaandika neno sahihi. Kosa tulilipata tulipokaa na watu mmoja mmoja tukawaambia haya, nionyeshe kwa kidole hapo unapojibia. Tafadhali msiruke hiyo hatua, hata kama muda umebana.

Kilichotuokoa ni ile picha ya mwili iliyogawanywa sehemu sehemu, ichapisheni kubwa. Ila inamwonyesha mtu kwa nyuma, na mwenye goti linalouma kwa mbele anauliza mimi niweke wapi, mweleze mapema.

Kwenye kupima kama majibu yanatulia mtu akiulizwa tena, watu walitudai alfa ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha kama maswali yanaendana, na mimi nikakataa, kwa sababu shingo na goti havipimi kitu kimoja, mtu anaweza kuumwa goti na shingo ikawa nzima kabisa, sasa alfa itakwambia nini? Majibu ya ndiyo na hapana yanataka kapa, kipimo cha jinsi majibu ya mara mbili yanavyokubaliana, ile inayoondoa yale makubaliano ya bahati tu. Halafu angalieni swali la siku 7: ukimrudia mtu baada ya wiki mbili unamuuliza kuhusu siku 7 nyingine kabisa, kapa ikishuka hapo msikimbilie kulaumu tafsiri, inawezekana maumivu yenyewe ndo yamepoa. La miezi 12 linavumilia zaidi.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya mpangilio. Maswali ya pili na ya tatu ni ya wale tu waliosema ndiyo kwenye la kwanza, lakini wengi wanajaza yote, wengine wanaacha katikati, tukaishia kuweka mshale na maandishi mazito, makosa yakapungua.

Pia lisitumike kama kipimo cha ugonjwa, linaonyesha wapi panauma na kama panazuia kazi, mwisho hapo. Ukitaka kujua nani mgongo wake uko kwenye hatari ya kukawia kupona tafuta STarT Back, dodoso la mgongo la Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, ina maswali 9, na hiyo nayo ukiitafsiri andaa watu wa kukaa nao.